Kihispania cha Kwenye Ngazi

Spalding, Uingereza
4 Februari 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Gemma anaota meno na nyumba nzima tunalia naye. Magoti yako je? Jua la Hispania linayasaidia, au yalikuwa maneno ya wauza nyumba tu?

Mama, nina jambo. Bwana Pinchbeck, mwenye kiwanda chetu cha kufungasha mboga, anatafuta mtu wa ofisini wa kuongea kwa simu na wakulima wa huko kwenu. Yeye huwapigia kelele kwa Kiingereza, na akiona hawaelewi anazidisha kelele. Wiki iliyopita aliagiza saladi, yakaja malori mawili ya vitunguu. Akasema, "Miaka yote hii tunakula mboga zao na bado hawajajifunza lugha yetu! Kiburi gani hicho?"

Kazi hiyo inaanza saa tatu asubuhi. Sasa hivi naingia saa kumi na moja alfajiri, Gemma namwacha amelala kwa mama mkwe. Miezi mitano sijamwamsha mwanangu mwenyewe.

Wewe una miaka tisa huko, na kila barua unasema Kihispania unakitafuna kama mkate. Nifundishe. Mtihani ni tarehe 29 Machi. Shule iliniacha njiani, wajua, lakini kwa hili nitakazana.

Mwanao,
Dawn

20 Februari

Mwanangu Dawn,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yamehama nchi tu. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli.

Kwanza, Kihispania cha nini? Mtaa huu tuko Waingereza arobaini, tuna baa yetu na mchinjaji wetu. Bwana Clifford wa ghorofa ya chini ana miaka kumi na minne hapa, neno alilojifunza ni la kuagiza bia, nalo analikosea. Hawa watu wanaelewa vizuri tu ukiwasemesha polepole na kwa sauti.

Lakini ukitaka, haya. Somo la kwanza limo humu, nimeliandika kwenye karatasi niliyoiokota jikoni. Mengine yanafuata. Kariri, usiniulize maswali.

Mbusu Gemma.

Mama yako

10 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Jino limetoka! Wewe na magoti mnaendeleaje?

Masomo matatu yamefika. Nayakariri nikimbadilisha Gemma nepi, naye ananiangalia kama mwalimu mkali. Ila Mama, mbona hamna kuhesabu, hamna siku za wiki? La kwanza: "Zamu ya kuosha ngazi ni yako, na jana pia ilikuwa yako." La pili: "Hata mbuzi wangu asingekula hiki." La tatu ni msiba mtupu: "Alikuwa mtu wa watu, Mungu amweke pema. Na miguu ya mama yako inaendeleaje?" Ndivyo wanavyouza mboga huko?

Wenzangu kiwandani wanakufa kwa kicheko. Janice kaniambia, "We Dawn, Mhispania akipiga simu utamwoshea ngazi? Lugha si tunayo sisi? Waje waichukue!"

Wacha wacheke. Mimi nina tumaini. Niletee na ya mboga basi, hata kidogo.

Mwanao,
Dawn

24 Machi

Dawn mwanangu,

Leo sikuulizi hali, maana yangu mwenyewe ni mbaya. Usiende kwenye huo mtihani.

Sijui Kihispania. Miaka tisa, hata chumvi siwezi kuiomba. Barua yako ilipokuja nilikaa nayo siku nne, halafu nikagonga mlango wa jirani. Anaitwa Encarna. Mlango wake unatazamana na wangu na jina lake nimelijua mwezi uliopita! Kila asubuhi nakaa naye kwenye ngazi na kalamu. Anachosema naandika, na bintiye anayefanya kazi hotelini ananiambia maana yake.

Nilidhani watu wote husema hivyo. Kumbe Encarna ana ugomvi na ghorofa nzima, na wale asiogombana nao anawazika. Nimekufundisha matusi na matanga. Utachekwa kwa ajili yangu. Nisamehe.

Mama yako, asiye na lugha

6 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo, na futa machozi. Barua yako imeingia juzi, na mtihani ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyopita.

Bwana Pinchbeck alinipa simu tu. Upande wa pili Bwana Cayetano, aliyetuletea saladi zilizooza, anafoka mbio kama cherehani. Nikangoja avute pumzi, nikamwambia hata mbuzi wangu asingekula hiki. Kimya. Nikajua nimekwisha, nikamtupia na ya ngazi: zamu ni yako, na jana pia ilikuwa yako. Mara nasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Sikuwa na lingine, nikamuuliza miguu ya mama yake.

Mama, alinieleza miguu hiyo robo saa! Nilikuwa naitikia tu. Kisha akampa simu karani wake, naye ana Kiingereza safi, ila hajawahi kukitoa kwa sababu hapendi kupigiwa kelele. Akasema, "Lori lingine linakuja Alhamisi, msilipe. Na mzee anauliza, umelelewa na bibi yupi wa huku kwetu?"

"Umemwambia nini?" Bwana Pinchbeck akaniuliza. "Mimi mwezi mzima nadai hilo lori!"

"Nimemuuliza hali ya mama yake."

"Mama yake anahusiana nini na saladi?"

Kazi nimepewa. Na lori limekuja.

Hayo ya kutojua, Mama, niliyajua tangu barua yako ya Februari. Nyuma ya somo la kwanza kuna kuku uliyemchora mwenyewe, na mshale unaoonyesha yai. Nikasema, masikini, Mama anakwenda dukani na picha. Nikanyamaza. Nilijua kuna mtu anayekupa maneno hayo; ningesema, ungeacha kugonga mlango wake.

Jumatatu nilimwamsha Gemma mwenyewe. Alinitazama kwanza kama mgeni, halafu akanyoosha mikono yote miwili.

Mwambie Encarna haya yote. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Usimchoree.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Dawn