Mke Wangu Yuko Kwao na Bunduki Yake, Nami Nataka Kununua Nyingine

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na tafadhali usicheke mpaka ufike mwisho, maana najua ukurasa wako ni wa mambo ya ndoa na mawifi na wanaume wasiolala nyumbani, na mimi nakuja na habari za bunduki, lakini sina mwingine wa kumuuliza, kila ninayemuuliza ananijibu kabla sijamaliza.

Mimi ni fundi seremala, natengeneza milango na fremu za madirisha, karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na mke wangu ni mshonaji, cherehani yake iko chumba cha mbele karibu na dirisha, bado iko hapo hapo, nimeifunika shuka isiingie vumbi la mbao. Sisi si watu wa anasa, hatuendi kwenye starehe yoyote, kitu kimoja tu tulichokuwa nacho ni kulenga shabaha. Marehemu baba mkwe alikuwa mwindaji mwenye leseni, na bunduki yake hakuwaachia wanawe wa kiume, alimwachia binti yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na jicho na utulivu. Ni bunduki ya risasi moja, ukifyatua imekwisha, unaivunja katikati kwenye bawaba, unatoa ganda, unatia nyingine, basi. Kitako chake mzee alikikata kikawa kifupi ili kimkae binti yake begani, maana mke wangu ni mfupi na mikono yake mifupi, na tena anatumia mkono wa kushoto, na bunduki ya namna ile haijali mkono.

Basi kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda uwanja wa shabaha wa klabu, mbele ya msimamizi, tunapokezana bunduki moja, yeye husimama kushoto kwangu, anapiga, anaivunja, ananinyooshea ikiwa wazi, nachungulia nione haina kitu, ndipo naipokea, nami nikimaliza nafanya vile vile. Hakuna aliyempa mwenzake bunduki iliyofungwa hata siku moja, hata zile siku ambazo tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi. Nikikosa hanicheki, anasema tu, "Haya, fungua, anza upya." Msimu wa kuwinda ukifika tunakata kibali, tunapata swala mmoja, yeye ndiye mpigaji, mimi ni wa kubeba na kulalamika njia nzima. Dada yangu, nilikuwa na furaha, na wala sikujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe.

Mama mkwe akaanguka akavunjika nyonga. Mke wangu akaenda kumuuguza, na bunduki akaenda nayo, kwa sababu leseni ni ya jina lake na hawezi kuiacha kwa mtu mwingine, hata huyo mtu awe mimi. Sikuona ubaya, mama ni mama. Lakini mama mkwe amepona, siku hizi anakwenda bustanini mwenyewe bila fimbo, na mke wangu bado yuko huko. Hatukugombana, naapa. Tukiongea kwenye simu ananiuliza, "Umekula?" nasema nimekula, namuuliza, "Huko mvua ipo?" anasema ipo, halafu tunanyamaza, halafu anasema, "Haya basi." Siku moja aliniuliza, "Bado unakwenda kulenga?" nikamjibu kazi zimenibana, nikaaga haraka, nikaingia karakana nikaranda ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba haufai hata kuwa rafu. Kumuuliza anarudi lini nashindwa. Naogopa nitaonekana namng'oa kwa mama yake, na naogopa zaidi jibu.

Sasa nimeomba leseni yangu mwenyewe nikaipata, ni ya bunduki moja tu, kwa hiyo sina nafasi ya kujaribu. Nataka ya risasi moja, nyingine sizitaki, ya kulengea shabaha Jumamosi na ya kuwindia msimu ukifika. Dukani ziko mbili. Ya kwanza ni fupi na nyepesi, inavunjika katikati kama ile ya mke wangu, kitako kifupi, isipokuwa risasi yake ni ndogo zaidi. Ya pili ni ndefu na nzito, ina wenzo chini ya kifyatulio, ukiuvuta kipande cha chuma kinashuka ndani unatia risasi, na risasi yake ni kubwa ya kutosha swala. Mwenye duka aliponiona nimeweka ile ndefu begani akasema, "Fundi, hii imekukaa utadhani umezaliwa nayo. Hiyo nyingine ukiishika unakunja shingo kama kuku anayechungulia ndani ya chungu." Lakini mimi ile ndefu naiona ngeni, kama nimevaa koti la mtu.

Kuna mwenzangu wa klabu tunayemwita Mzee Darubini kwa sababu hakuna bunduki aliyoiona asitake kuifunga darubini, yeye anasema zote mbili ni upuuzi, ninunue yenye kubeba risasi nyingi. "Risasi moja! Ukikosa je?" Nikamwambia ukikosa unafungua unaanza upya, akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Mshauri, nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipoishika ile fupi nikaivunja, ikatoa ule mlio wake wa kufunguka, na mimi bila kufikiri nikageuka kushoto nikamnyooshea mtu, ikiwa wazi. Aliyekuwa kushoto kwangu ni mwenye duka. Akaipokea akadhani nimeikataa, akairudisha kwenye kabati, na mimi nilikuwa nimeipenda kuliko kitu chochote. Ameniwekea zote mbili kando ila hatasubiri sana. Nichague ipi?

Wako, Fundi Seremala

JIBU

Fundi,

Nimecheka, nisamehe, nilishindwa kujizuia pale pa kuku. Halafu nikafika pale ulipogeuka kushoto, nikaweka chai mezani, na sikuigusa tena.

Umebahatisha mtu wa kumuuliza. Mimi ni mjane wa askari wa wanyamapori. Bunduki nimeishi nazo nyumba moja miaka ya ndoa yangu yote, nimezifuta mafuta, nimesikiliza hadithi za marehemu mpaka nikazikariri. Kwa hiyo tuanze na hilo ulilouliza, tulimalize, maana silo linalokusumbua.

Chukua ile ndefu. Risasi ndogo ya ile fupi itakufaa kwa shabaha, na kwa kanga na sungura, lakini kwa swala itamjeruhi tu. Na wewe una risasi moja, fundi, huna ya pili ya kurekebisha. Utashinda unafuata matone ya damu vichakani, na mnyama anateseka kwa sababu ulikosea dukani. Mume wangu hakuna kitu kilichokuwa kinamkasirisha kama hicho. Ile ndefu ni nzito, sawa, lakini uzito huo ndio utakaoituliza mikononi uwanjani na kulipunguzia bega lako kishindo. Kabla hujachukua, muulize mwenye duka kama risasi zake zinapatikana mwaka mzima. Nyumbani iwe kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikae mbali nayo. Na Mzee Darubini mwambie nimemsalimia, ila akae na darubini yake.

Unasema unaiona ngeni. Si ngeni, baba, ni ya kwako! Miaka yote hiyo umekuwa ukikunja shingo ili uingie kwenye kitako alichokatiwa mtu mwingine, ukazoea, ukadhani kulenga ndivyo kunavyouma. Fundi mzima unayepima milango ya watu isikwame hata kidogo, umesimama dukani na kipimo cha mkeo mwilini mwako hujakiona!

Sasa tuseme kweli, na usininunie. Mkeo anayo bunduki. Ni yake, iko naye, kitako kimekatwa kwa kipimo cha mkono wake. Siku atakayorudi, atarudi nayo. Hiyo fupi nyingine unamnunulia nani? Mwanamume anayemtarajia mkewe hanunui ya pili inayofanana na ya mkewe. Ulichokuwa unakitafuta pale dukani ni ukumbusho. Umeshaanza kumlilia mtu ambaye yuko hai, ana simu, na kila siku anakuuliza kama umekula.

Nilivyosoma hapo nilikukasirikia kweli kweli, na nitakwambia kwa nini. Mimi wangu hana simu huko aliko. Ningepewa nafasi ya kumuuliza swali moja tu, nisingeuliza habari za mvua.

Mwenzako alikuuliza, "Bado unakwenda kulenga?" Hebu fikiria kidogo. Mwanamke yuko kwa mama yake, mama kapona, mume hamwiti. Naye siku zote anajiuliza, huyu ananitaka au amepumua? Anakosa pa kuanzia, anaanzia kwenye kile kitu chenu kimoja. Alikuwa anauliza kama nafasi yake bado ipo. Wewe ukamjibu kazi zimekubana, ukaenda kuumaliza ubao wa watu. Angeelewaje? Mimi ningeelewa kwamba umenizoea kutokuwepo.

Wewe unamnyamazia usionekane unamng'oa kwa mama yake, na yeye, naweza kuapa, ananyamaza asionekane anajirudisha pasipotakiwa. Watu ambao hamjawahi kupeana bunduki iliyofungwa hata siku mmenuniana! Mlikuwa hodari sana wa kuonyeshana kwamba hakuna kilichofichwa ndani. Kwenye simu mnapeana imefungwa kila siku, na hakuna anayethubutu kuchungulia.

Kwa hiyo mpigie. Leo, ukishamaliza kusoma hapa, usisubiri mpaka umalize mlango wa mteja. Umekula umeshajibu mara nyingi, leo usianzie hapo. Mwambie, "Mke wangu, nimeshindwa kukaa peke yangu, unarudi lini?" Kama una maneno yako bora zaidi tumia hayo, lakini hilo swali liwemo. Ukishauliza nyamaza. Usimjazie jibu, usicheke kidogo kupunguza uzito, usitaje mvua. Wewe ndiye uliyeniambia hutaki bunduki ya kumimina risasi, basi piga hiyo moja na usubiri.

Akisema anarudi, nenda kachukue ile ndefu. Jumamosi mtasimama mmoja na yake na mwenzake na yake, na kama mnataka kupokezana mpokezane, nani atawakataza? Akisema harudi, itakuuma, sitakudanganya. Lia, halafu nenda kachukue ile ndefu hiyo hiyo, kwa sababu bega ni lako kwa vyovyote. Ile fupi mwambie mwenye duka asikuwekee tena.

Na kabla hujashika simu, pita chumba cha mbele uitoe ile shuka kwenye cherehani. Huwezi kumwita mtu arudi nyumbani na huku umeshamfunika. Vumbi likiingia utalipangusa.