Mkeka wa Matanga Kwenye Jalada

Mount Druitt,
Sydney.
8 Machi 2016

Mpendwa mdogo wangu Lisiate,

Nakusalimu wewe na Kalisi na wote mnaolala chini ya bati hilo la Neiafu, huko visiwani kwetu. Goti lako vipi? Ile dawa niliyokutumia ni ya kupaka, si ya kunywa. Nalisema hili kwa sababu nakujua. Na presha ya Kalisi imeshuka? Mwambie apunguze nyama ya kopo. Hatapunguza, lakini wewe mwambie tu.

Sisi huku tu wazima. Joto la mwezi uliopita lilikuwa kali mpaka mchungaji akafupisha mahubiri, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuhamie Mount Druitt. Miguu yangu inavimba kidogo jioni, ila bado inanifikisha ninakotaka.

Sasa huo msiba. Uliponipigia uliuliza maneno mawili, "Nani kafa?", nikasema hakuna, ukakata simu kabla sijavuta pumzi. Ndiyo maana naandika. Barua haikatiki, na wewe huwezi kuacha karatasi bila kuisoma, hata iwe ya kopo la samaki.

Kuna mambo ambayo dada na kaka hawazungumzi, nawe unajua nimeyaheshimu maisha yangu yote. Nikifika kwenye mambo hayo nitaruka, nawe ruka.

Kuna jarida huku mjini, hutolewa bure, la mashoga. Ndivyo mwanao Inoke mwenyewe anavyosema, bila kupepesa macho, basi nami nasema. Kwenye jalada huwa pana kifua. Kila toleo kifua, na kila kifua ni cha Mzungu, kimepakwa mafuta kama mkate unaosubiri kuingia tanurini. Sehemu nyingine hufunikwa na herufi za kichwa cha habari. Namshukuru Mungu aliyewapa wanadamu herufi.

Watu wa rangi yetu walikuwa wakitokea humo mara moja kwa mwaka, wote ukurasa mmoja, bila majina, kila mmoja na ngoma au jani. Minh, huyo anayeishi na mwanao kule Marrickville, ana duka lake la dawa na wafanyakazi wanaomwita bosi. Walimwalika kwenye sherehe yao, mgeni mmoja akampa sinia amshikie kidogo, akapigwa picha. Ikatoka imeandikwa "wahudumu wetu wakarimu". Suti aliyovaa siku hiyo ni nzuri kuliko uliyooa nayo wewe.

Inoke akaanza kuwaandikia. Akiandika hawajibu, wasipojibu anaandika tena. Ana kichwa kigumu, sijui amekitoa wapi. Mwishowe mhariri wao, Mzungu mmoja anaitwa Lachlan, akampigia: njoo, safari hii jalada ni lako.

Mtoto alikuja kwangu anacheka peke yake kama mtu aliyeposa. Alitaka avae ovaroli lake la kutengenezea lifti, na juu yake mkeka mzuri wa kujifunga kiunoni, kama wa kwenda kanisani. Nikampa ule laini aliousuka Mama. Nikamwambia akiumwagia soda asirudi.

Kumbe huko studio walikuwa na sanduku lao la vitu vya visiwani. Vifuu vya nazi, sketi ya majani ya plastiki, na mkeka wa matanga, mpana, umechanika pembe zote, Mungu ndiye ajuaye waliuokota duka gani la mitumba. Lachlan aliutazama mkeka wa Mama akasema ni msafi mno, unafanana na wa mtu anayekwenda ofisini. Akachomoa ule mwingine.

Inoke akamwambia, "Huu ni wa msibani, bwana."

"Ndiyo uzuri wake! Una historia," akasema Lachlan. "Usihofu, wasomaji wetu hawatajua."

Basi akauvaa. Kwa nini aliuvaa nitakueleza mbele, maana hata mimi sikujua siku hiyo. Wakamvua ovaroli, wakamnyunyizia maji, wakamwambia atazame mbali kama anayeona meli. Jarida lilipotoka limeandikwa kwa herufi kubwa MWANA WA MAWIMBI. Mawimbi yapi? Mtoto anatapika kwenye feri ya Manly. Amezaliwa hospitali ya Blacktown, ulikuwepo, ulizimia koridoni wewe kabla ya Kalisi kumaliza kusukuma. Na jina lake wamempa kijana wa Kifiji wa ukurasa wa ndani, yeye wamemwandika Msamoa, kana kwamba visiwa vyetu na vyao ni kimoja.

Hawatajua, walisema. Lilitoka asubuhi, na kabla sijamaliza chai simu ikalia. Ni Sitiveni, mwalimu wa kwaya, sauti imejaa machozi.

"Dada Akanesi, pole sana. Mungu amempenda zaidi."

"Amempenda nani?"

"Ndilo nauliza. Inoke kavaa mkeka wa kufiwa na mkubwa wake. Ni baba yake, au ni wewe?"

"Sitiveni, hapo unaongea na nani?"

"Basi ni Lisiate," akasema, akaanza kulia upya.

Nilipomtuliza nikamuuliza jarida lile ameliona wapi. Akasema kwa kinyozi. Kinyozi gani, Sitiveni, na wewe una upara tangu Inoke anabatizwa? Akasema alimsindikiza mtu. Halafu hapohapo akaanza kulalamika jinsi walivyomwita mtoto wetu Msamoa, akasahau kabisa kwamba habari hiyo imeandikwa ndani, kurasa nyingi ndani.

Baada yake walipiga wengine, na kila mmoja ilimbidi aeleze alilipata vipi. Mke wa shemasi alisema alifungiwa samaki nalo. Karatasi ya kung'aa ile, samaki gani? Fundi bomba wa kanisa alisema lilikuwa limefunika tundu. Lisiate, nakuapia, hakuna hata mmoja aliyetaja kifua. Hakuna aliyesema "mtoto wenu yuko kwenye jarida la namna gani". Wote walikuwa wanauliza maiti iko wapi na mazishi lini. Mchana kulikuwa na nguruwe wawili wa kubanika mlangoni kwangu, na wanawake wameshavaa nyeusi, na mimi ndiye ninayewakaribisha kwenye msiba wangu mwenyewe. Wengine walinitazama kwa chuki kidogo, kama niliyewapotezea muda kwa kuwa hai.

Mtu wa Auckland akaitia ile picha kwenye Fesibuku, na yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kalisi ameniambia majirani walikukuta unakula mkate na siagi, wamebeba viazi vikuu na kitambaa cha kukufunikia. Ameniambia pia kwamba kitambaa ulikirudisha lakini viazi vikuu ulipokea.

Siku ya pili nilivaa nyeusi, nikavaa mkeka wangu mzuri, nikamchukua Inoke anipeleke ofisini kwao. Kuta zao zimetundikwa majalada ya miaka yote. Vifua mtindo mmoja, vyeupe, vimenyonyolewa kama kuku wa dukani. Nikamuuliza Lachlan kama ni mtu mmoja wanampiga picha tangu zamani.

"Hapana, mama, ni watu tofauti kabisa," akasema.

"Mimi nawaona sawa. Labda ungewachanganya majina nisingejua."

Akawa mwekundu hadi masikioni. Nikamweleza kwamba kwetu mkeka ni kama tangazo la redio: mtu akiuvaa uliochakaa, mpana hadi kwapani, anasema amefiwa na baba au shangazi. Na shangazi ni mimi, nimesimama hapa. Akasema pole, akasema hakukusudia, akasema mwaka ujao watakuwa na toleo maalumu la tamaduni zote.

"Mwaka ujao? Kwani sisi ni Krismasi?"

"Mama, naelewa, lakini wasomaji wetu..."

"Wasomaji wako ndio walioniletea nguruwe!" nikamwambia. "Nyumba yangu imejaa wasomaji wako. Mwalimu wa kwaya ni msomaji wako. Mke wa shemasi ni msomaji wako. Wewe ndiye hujui nani anakusoma."

Hapo alicheka, kwa kweli alicheka mpaka akakaa. Si mtu mbaya yule. Ni mtu ambaye hajawahi kuwa na shangazi wa kumwogopa. Akaniletea chai na akaniuliza nataka nini, nikamwambia, na akaandika.

Toleo lililofuata limetoka wiki iliyopita. Humu ndani nimekuwekea jalada lake. Huyo ni Inoke na ovaroli lake na bisibisi mfukoni, na mkeka wa Mama kiunoni. Huyo pembeni ni Minh na koti lake la duka la dawa, mikono mitupu, hakuna sinia. Majina yote mawili yamo na yameandikwa sawasawa, nimeyakagua mwenyewe. Chini pale, maneno "Hakuna aliyekufa" ni yangu, ndiyo masahihisho, na nilikataa yasiongezwe neno. Nimelibandika jalada kwenye karatasi ngumu kwa sababu upande wa nyuma kuna tangazo ambalo dada hamtumii kaka yake. Usilibandue.

Ninaloandikia barua hii bado sijalisema.

Tulipotoka pale ofisini, Inoke ndiye aliyeendesha. Nikamuuliza, wewe ulijua mkeka ule ni wa nini, kwa nini hukumtupia usoni? Nilidhani atasema alilitaka mno jalada, kwa jinsi alivyolihangaikia.

"Shangazi, Baba alisema hata kwenye mazishi yake nisikanyage. Nilipouona ule mkeka nikaona, basi, nisipouvaa leo nitauvaa lini?"

Lisiate, mimi si mtu wa kulia ovyo. Nililia kutoka pale mpaka Parramatta, na yeye akawa ananipa tishu kwa mkono mmoja huku anaendesha, ananiomba radhi kama yeye ndiye mwenye kosa.

Maneno yale uliyasema sebuleni kwangu miaka sita iliyopita, nilikuwepo. Nilijua ni hasira nikanyamaza, nikidhani yatapoa yenyewe. Hayakupoa. Mwanao ameyabeba kila siku, akipanda lifti za watu na kushuka, na mahali pekee alipopata pa kukuombolezea ni mbele ya kamera ya watu wasiojua anafanya nini. Inaniuma, na nataka ikuume wewe pia.

Sasa nisikilize. Mazishi yako si yako. Kwa mila yetu dada ndiye mkuu kwenye msiba wa kaka yake: siku hiyo mwenye kukaa kichwani pako ni mimi, na nikitangulia ni binti yangu Lupe, na sisi ndio tutakaosema nani aje na nani akae wapi. Inoke atakuja. Atakuwa nje kwenye moto, ndipo mahali pa wanaofiwa na baba, anapika, uso umejaa masizi, mkeka uliochanika umemfika kwapani, na hakuna atakayethubutu kumwondoa. Wewe utakuwa umelala pale huna la kusema.

Lakini hayo ni ya siku hiyo, nami sina haraka nayo. Leo una la kusema. Kalisi ameniambia uliitazama ile picha muda mrefu, umeisogeza dirishani penye mwanga, halafu ukasema kitu kimoja tu: kamba ya mkeka kaifunga vibaya.

Ni kweli, kaifunga vibaya, hata mimi niliona. Kamba ya mkeka ule mtoto hufundishwa na baba yake, na huyu hakufundishwa. Basi mpigie simu umgombeze. Mwambie amefunga kama anayefunga nguruwe, mwambie ameiaibisha familia, mwelekeze inavyopita na inapoingia. Kama huna neno jingine usilitafute, anza na kamba. Namba yake ni ileile; simu amebadilisha, namba alikataa. Wala sikuombi, mdogo wangu. Mimi ni dada yako mkubwa, na hili ni agizo.

Nisalimie Kalisi, na mama mkwe wake, na wale wote waliokuletea viazi vikuu. Lupe anawasalimu. Sitiveni anakusalimu na anafurahi kwamba u hai, japo alikuwa ameshachagua nyimbo. Minh pia anakusalimu. Aliniuliza kama anaruhusiwa, nikamwambia ninayeruhusu ni mimi.

Bwana alilinde goti lako, aulainishe ulimi wako, na akupe maisha marefu yenye watoto wako wote ndani yake.

Dada yako akupendaye,
Akanesi