Eti "Karibu Tena"!

Shoga, nimejifungia bafuni. Tuko hotelini, huku milimani mpakani.

Si mume wangu aliniapia hajawahi kufika huku? Tumeingia tu, mama wa mapokezi akamwambia, "Karibu tena, baba! Chumba kilekile cha kutazama bonde?"

Kilekile!! Yeye akainamia viatu vyake.

Nikamuuliza, "Ulikuja na nani?" Nikambana mpaka akasema, "Na marehemu. Fungate yetu."

Yaani mkewe wa kwanza!

Wivu umenikaba, shoga. Mwanamke aliye hai ningejua pa kumshikia. Huyu nimshike wapi?

Sasa anagonga: "Mke wangu, turudi nyumbani?"

Nimemwambia hatuondoki ng'o. Akatuombee chumba kinachotazama maegesho ya magari.