Mtu wa Galu Aliyeuliza Habari za Biasha

Ukunda,
Jumatano asubuhi.

Kwako dada yangu Mwanafatuma,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai waraka huu utakukuta mzima hapo Bodo, goti limepoa na kile kikohozi cha usiku kimekuachilia. Mimi sijambo, namshukuru Mola, ila jino moja la nyuma ndilo linalonisumbua. Daktari alilivuta mpaka akatoka jasho, akaniambia tangu aanze kazi hajapata kuona jino lenye mizizi kama yangu. Nimerudi nalo nyumbani, limo kinywani vilevile.

Nakuandikia kwa sababu maneno haya hayafai simu. Ni habari za Biasha. Kesho anakuja kwako kuomba radhi yako na kuchukua cheti chake cha kuzaliwa kilichomo sandukuni. Kabla hujafungua sanduku, nisikilize mdogo wako.

Tangu mwanao alipomaliza chuo cha upishi akaja kukaa kwangu, hakulala na njaa hata siku moja. Kazi ndiyo ilikuwa taabu. Alizunguka hoteli zote, kuanzia Diani mpaka Galu, na bahasha yake ya kaki, na kwenye kila lango mlinzi alimwambia aiache, atapigiwa. Hakupigiwa. Mwisho akaniambia kwamba siku hizi kazi haitafutwi kwa miguu, inatafutwa kwa simu. Akafungua ukurasa wa Fesibuku, akawa anaweka picha za mikate yake ya sinia, keki, na sambusa alizozipanga kama askari wa gwaride. Chini yake anaandika kuwa yeye ni Biasha wa Bodo, ana cheti, anatafuta kazi ya jikoni, na yuko tayari kuanza hata kesho.

Dada, hilo sikulipenda. Wewe wanijua. Miaka kumi na saba nilipakia na kupakua malori pale mpakani Lunga Lunga, na mtu akishuka tu garini, mimi nilishajua amebeba nini na anamdanganya nani. Afisa mmoja wa forodha alisema mbele ya watu kwamba lau Mselem angemaliza darasa la sita, serikali isingenunua mbwa wa kunusa. Basi jicho kama hili litamwonaje mtoto wa dada yangu akijianika mbele ya watu asiowajua, halafu lifumbe?

Nikafungua ukurasa wangu wa siri. Nilijiita Inspekta Simba, nikaweka picha ya gari la polisi lililopata pancha siku moja mbele ya kibanda changu cha baiskeli. Kila mwanamume aliyemsifu Biasha nilimwandama. Swabir, muuza samaki wa Msambweni, aliandika kwamba keki ni tamu. Nikamuuliza ameionja wapi. Hajaandika tena. Mwengine alifuta ukurasa wake kabisa. Nilikuwa nikilala usingizi mnono.

Akatokea mmoja aitwaye Hesbon. Huyu hakusifu kitu. Alimuuliza Biasha kama aweza kutoa mikate mia mbili kabla jua halijachomoza. Nikajiuliza, ni mwanamume gani anayeanza na msichana kwa maneno ya mikate? Ni yule anayeficha jambo. Nikaitazama picha yake: mtu wa bara, amevaa kofia nyeupe ndefu kama bomba la jiko. Inspekta Simba akamwandikia kuwa serikali inamwona. Akajibu kwamba na iendelee kumwona, yeye ana unga wa kukanda. Jibu la kiburi lile, nikamtia alama.

Biasha alifurahi, akasema ndiye mkuu wa jikoni katika hoteli moja ya Galu, na kwamba wamebaki wawili tu kwa nafasi moja, yeye na mwenzake. Kisha kimya. Wiki moja, mbili. Siku moja akaniletea simu nitazame. Jemima, aliyesoma naye chuoni, ameweka picha amevaa nguo nyeupe za mpishi, anamshukuru Mungu kwa kazi, na kando yake amesimama Hesbon na kofia yake. Biasha hakulia. Aliniuliza tu, mimi, dada, kama nadhani ni kwa sababu ya mtandio wake, au kwa kuwa ni mtu wa huku kwetu. Nikamjibu kuwa watu wa hoteli ndivyo walivyo tangu zamani, wanatubagua. Nilisema hivyo huku nikimtazama machoni.

Usiku uleule alifuta picha zake zote.

Sasa amepata mtu mwengine, kwenye wasapu. Mama mmoja anayejiita Zainabu, asiyeonyesha uso, picha yake ni ua. Anampeleka Uarabuni kupika nyumbani mwa watu, na ndiyo sababu ya kutaka cheti. Tangu siku ya kwanza anamwita mwanangu, na amemwonya asiwaambie watu wengi kwa kuwa wana husuda. Dada, huyu hata mtoto wa chekechea angemshuku! Nilimwambia Biasha. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba mjomba wewe umemshuku muuza samaki, umemshuku mwalimu wangu wa chuo, umemshuku mpaka mtu wa stima aliyekuja kusoma mita, sasa nikuamini lini?

Basi nakuja kwenye lenyewe, na Mwenyezi Mungu anipe nguvu za mkono.

Hesbon alinipigia simu. Ilikuwa kabla ya picha ile ya Jemima, mchana, mikono yangu imejaa grisi. Alijitambulisha vizuri, jina lake na hoteli yake, akasema Biasha ameandika jina langu kuwa ndimi mtu wa kumsemea. Akaniuliza nimemjua tangu lini, kama ni mtu wa kuamka mapema, kama ana mume au mchumba, na kama aweza kulala huko hotelini zile wiki za wageni wengi.

Dada, kwetu sisi anayemtaka msichana humwanza nani? Si mjomba? Na humwanza kwa wazee, wavue viatu, wanywe kahawa, wazunguke na maneno mpaka wafike. Huyu ananipigia yeye mwenyewe, ana haraka, anauliza habari za mchumba na za kulala! Hoteli kila tapeli anayo mdomoni. Nikasema moyoni, leo nimekupata. Nikamwambia Biasha ameshaposwa na mfanyabiashara wa Tanga, mahari tumepokea, harusi ni baada ya Idi, na bwana harusi hataki mke afanye kazi. Nikamalizia kwamba mimi ni polisi mstaafu. Akanishukuru, akawaombea maarusi heri. Jioni nilikisimulia kisa hiki kwenye kahawa, Chande muuza kahawa akacheka mpaka akamwaga kikombe.

Kwa hiyo si mtandio, wala si ubaguzi. Ni mimi. Na nilipoiona ile picha nilijua papo hapo, nikanyamaza.

Jana nilivaa kanzu nikaenda Galu. Hesbon alitoka na unga mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia yote, hata ya Inspekta Simba. Hakucheka.

Sasa dada niwie radhi, nasema na mwengine. Biasha, najua ni wewe unayesoma, maana miwani ya mama yako imevunjika. Nitakupa bahasha hii mkononi na nitasema ni salamu tu, nitakuwa nimeifunga kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli ili usiifungue njiani. Nimeshindwa kukwambia uso kwa uso. Usiikunje. Msomee mama yako neno kwa neno, hata pale nilipokudanganya juu ya mtandio wako.

Hesbon hakuahidi kitu. Nafasi ile imeshajaa. Lakini Jumatatu anawajaribu watu wawili kwa mikate ya asubuhi, na amesema ukitaka ufike saa kumi na moja alfajiri, umwambie wewe mwenyewe kuwa hakuna harusi, kwa sababu neno langu hataki kulisikia tena. Ukiamua kwenda Uarabuni, sitashika mguu wako. Ila uende kwa kuwa umetaka, usiende kwa kuwa mjomba wako alikufungia mlango wa Galu.

Dada, nisalimie majirani wote wa hapo, na shemeji umwambie baiskeli yake i tayari. Mungu akuweke. Nitakaa na simu mkononi. Atakayepiga kwanza kati yenu, hata akinitukana, nitapokea.

Ni mimi mdogo wako, na mjomba wa Biasha akikubali kuniita hivyo,

Mselem