Nyumba ya Mama Yake Poni

Koboko, Jumanne

Dada Grace,

Salamu kwenu wote huko Awindiri. Hapa sokoni Poni, mama mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anadarizi mashuka ya maharusi. Macho yake yamechoka, akaniomba nimchoree kwenye shuka nyumba ya marehemu mama yake, iliyochomwa vitani. Anaogopa ataisahau. Nikachora kwa penseli.

“Binti, hii iko nyumba ya serikali?” akacheka. “Mlango iko juu sana. Mama alikuwa anainama.”

Nikafuta mara tatu. Mwishowe akaugusa mlango kwa kidole.

“Ndiyo hiyo,” akasema, akatia uzi kwenye sindano.

Mungu awatunze. Mwambie Mama nikirudi akae kidogo nimchore, asinikatalie.

Mdogo wako,
Fiona