Boga la Nyuma ya Tangi

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, mayai nimeyafunika kwa sahani. Kula. Gesi inaelekea kuisha, kwa hiyo maji ya kuoga ni ndoo moja tu.

Najua dhoruba ya juzi imekukata maini. Miezi mitatu unalipima boga lako kila asubuhi kama mtoto wa kliniki, halafu tawi la mti linaliangukia na kulipasua katikati. ~~Usijali, ni boga tu.~~ Hiyo nimeifuta. Najua si boga tu.

Sasa nisikilize, na usinune kabla hujamaliza chai. Uliniambia nikate maboga madogo yote, ili chakula chote cha shina kiende kwa lile kubwa. Niliyakata, ila moja likanitia huruma. Nikalificha chini ya majani, nyuma ya tangi la maji, na kila ulipouliza nikasema nimemaliza. Pengine ndiyo sababu lile lako lilikuwa linadumaa wiki zile ulizokuwa ukilaumu mbolea. Nisamehe.

Asubuhi hii nilikuwa naokota mabati yaliyopeperushwa, nikalikuta limekaa pale kama bibi harusi, halina hata mkwaruzo. Nimelipima kwa utepe wako. Limekizidi kiuno chako, na wewe si mwembamba.

Maonyesho ya kilimo, na shindano lako la boga kubwa, bado wiki saba. Shina liko hai, mbolea iko stoo.

Blanketi lako usilitafute kitandani. Kuna baridi huko nyuma ya tangi.

Mkeo, yule mwongo