Chafya ya Mtoto na Jina la Askari Aliyepotea Baharini

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakusalimu sana kutoka Rongai, na usinicheke mwandiko kwa sababu nilisoma mpaka darasa la nne tu, na hapa naandika mtoto akiwa mapajani anavuta karatasi. Nina furaha na nina hofu, zote kwa pamoja, naomba unisaidie nijue nishike ipi.

Mimi ni Jepkoech, mke wa Kipkemboi, dereva wa trekta katika shamba la mzungu. Kaka yake mkubwa, Kipkorir, alikwenda vitani akawa askari wa mizinga, na mwaka wa 1944 chifu akaleta karatasi kwamba meli yao ilizamishwa na adui na yeye hakuonekana tena. Mama mkwe wangu akamuuliza chifu, "Nani alimwona akifa?" Chifu akaiacha ile karatasi akaenda zake. Basi mama hakunyoa nywele za msiba, hakulia, na kila Jumamosi mpaka leo anaanika blanketi la Kipkorir juani, miaka kumi sasa.

Mwaka huu mwezi wa pili nikajifungua kijana. Labda wewe si wa kwetu, kwa hiyo nakueleza: kwetu mtoto akizaliwa wanawake wanamtia ugoro kidogo puani huku wakitaja majina ya wafu wa ukoo, na jina atakalopigia chafya ndilo lake, huyo ndiye aliyerudi. Wakamtaja babu, wakamtaja baba wa babu, wakataja mpaka wale ambao hakuna anayekumbuka sura zao, na mtoto kimya. Shangazi wa mume wangu, Chepkurui, akasema, "Huyu amemaliza ugoro wangu wote na bado anatutazama kama karani wa kodi!" Watu wakacheka, lakini mimi nilikuwa nimechoka na naona pua ya mtoto imekuwa nyekundu, ulimi ukaniteleza nikasema, "Kipkorir." Mtoto akapiga chafya mara mbili.

Hapo kicheko kilikatika. Mama mkwe akainuka akaniambia, "Umemzika mwanangu kwa mdomo wako," akatoka. Tangu siku hiyo hajamshika mtoto hata mara moja, anamwita "huyo wa Jepkoech," na amesema mahindi yakishavunwa atahamia kwa binti yake Londiani.

Mama Mshauri, usingizi uliniisha. Nilijiuliza, je, kama mtu alikuwa hai mahali fulani na mimi nimemuua kwa kumwita? Ndipo nikaanza kutafuta. Nilimwambia mume wangu napeleka mtoto kliniki Nakuru, na kweli nilimpeleka, lakini baada ya sindano niliingia ofisi ya askari wa zamani. Mara ya kwanza karani alinifukuza, mara ya pili akataka namba ya askari, nikaenda nikainakili kutoka kwenye ile karatasi ya chifu, mara ya tatu akafungua daftari kubwa akasema, "Mama, mtu wa meli hiyo yuko hapa hapa Nakuru. Nenda nyumba za reli, uliza Odero."

Odero ni fundi wa injini. Nilipotaja lile jina aliweka kikombe chini. Akasema, "Shemeji, mimi nimezaliwa kando ya ziwa, niliogelea kabla sijavaa suruali. Kipkorir aliogopa hata karai la kuogea! Tulishika ubao mmoja, yeye ameumia kifua. Alinisimulia maziwa ya kibuyu ya mama yake, akasema maji yote haya na hata ndama hawezi kuyanywa. Halafu akanyamaza. Nikamwita, hakuitika. Nilimfumba macho kwa mkono huu, ndipo nikamwachilia." Akasema miaka kumi ametamani kumwona mama huyo, ila hakujua nyumba iko wapi. Kisha akauliza jina la mtoto. Nilipomwambia, alimrusha juu, anacheka na machozi yanamtoka: "Wewe! Safari hii kuogelea nitakufundisha mwenyewe!"

Nilirudi na gari moshi nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alikufa miaka kumi kabla ya ile chafya, kwa hiyo si mimi. Lakini naona aibu kufurahi juu ya kifo. Na mama mkwe atasema nilikwenda kutafuta kifo cha mwanawe ili jina la mwanangu lisimame. Wiki tatu zimepita, hata mume wangu hajui. Niseme, au ninyamaze tu?

Ni mimi Jepkoech, Rongai


Jepkoech mwanangu,

Umefanya kazi ambayo wanaume wa ukoo mzima hawakuifanya kwa miaka kumi. Furaha yako ni ya mtu aliyeachiliwa huru kortini, haina dhambi yoyote, ifurahie.

Sasa nikukaripie. Kliniki mara tatu! Mumeo yuko hapo nje juu ya trekta, hajui kwamba kaka yake alifumbwa macho na rafiki, na wewe umekalia habari hiyo wiki tatu. Mwambie leo, kabla hajamaliza chai yake, na umwombe radhi.

Kwa mama mkwe usiende wewe. Isome tena barua yako. Mama huyo aliuliza swali moja tu, nani alimwona? Chifu alimletea karatasi, wewe ukamletea chafya, na bado anangoja jibu. Jibu lake linaitwa Odero. Kipkemboi akamlete Jumapili. Jumamosi msimguse mama, hiyo ni siku ya blanketi. Kama Kiswahili kinampita, Chepkurui atafsiri. Odero aseme yote, hata maziwa ya kibuyu, tena hayo msiyaruke. Wewe pika chai, kaa karibu na mlango, na usijitetee hata kidogo. Akilia, mwacheni alie. Akiomba wembe wa kunyoa, mpeni.

Na mtoto usimpeleke kwa bibi yake ukimsukuma mbele kama shahidi. Ana miezi saba, anatambaa huyo. Mweke chini katikati ya watu, aende anakotaka. Na akifika miguuni kwa bibi yake akapiga chafya, tafadhali Jepkoech, funga mdomo.